Insha za Saa ya Mvua

Mvua ya Nyamira haina adabu. Inakuja saa nane mchana, au saa tisa, wakati watoto wameshiba viazi vitamu na macho yao yameanza kulegea, na ikishaanza kupiga mabati ya darasa hakuna mwalimu anayeweza kushindana nayo. Nimejaribu. Nilipofika shule ile, iliyokuwa juu ya kilima upande wa kuelekea Keroka, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye sauti ya kwaya, na wiki ya kwanza tu niliimaliza sauti hiyo nikipigana na mvua ya mawe ili darasa la sita wapate kusikia habari za bonde la ufa. Wenzangu walinicheka. Wao mvua ikianza waliwaambia watoto walaze vichwa juu ya madawati, kisha wakakimbilia ofisini kunywa chai.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa walimu watano kwa madarasa saba, kwa hiyo kila mmoja wetu alivaa kofia tatu au nne. Mimi nilipewa Kiswahili kuanzia darasa la tatu hadi la saba, na juu yake jiografia na afya kwa madarasa makubwa. Kwetu ni upande wa Ogembo, kusini kabisa, na mkuu wa shule hakuniacha nisahau hilo. Kila nilipotoa shauri alinisikiliza hadi mwisho, akafuta miwani yake, akasema, "Labda kwenu Ogembo." Shauri lilikuwa linaishia hapo.

Kilichonikera zaidi si mvua wala mkuu wa shule. Ni kwamba watoto wale hawakuweza kuandika sentensi moja iliyokuwa yao wenyewe. Niliwapa darasa la sita insha, "Safari Yangu". Watoto arobaini na wawili wakainamisha vichwa wakaandika, nami nikajisifu moyoni kwa ule utulivu. Jioni nilipoanza kusahihisha nikakuta wote arobaini na wawili wamekwenda Mombasa kwa gari la moshi. Wote waliamka alfajiri na mapema. Wote waliagana na wazazi wao kwa huzuni, wakaona twiga kupitia dirishani, wakapokewa na shangazi mwenye tabasamu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuliona gari la moshi. Wengi hawakuwa wamefika hata Kisii mjini. Kesho yake nilimsimamisha mmoja nikamwuliza alikwenda Mombasa lini.

"Sijaenda, mwalimu," akasema, akinishangaa. "Lakini ndiyo safari."

Walikuwa wamefundishwa hiyo safari darasa la nne, wakaikariri, na tangu hapo kila mtu akiwaambia waandike walipanda gari lile lile. Katika jiografia hali haikuwa nafuu. Niliwaambia waeleze mto, wakanieleza Nile, nao kila asubuhi walivuka kijito kwa kuruka mawe, na wakati wa masika kiliwafikia magotini. Katika afya walinakili ubao, hadi na nukta niliyoidondosha kwa bahati mbaya na chaki. Mtoto aliyekuwa anajua kukamua ng'ombe, kupalilia wimbi na kubembeleza mdogo wake mwenye homa, ukimwambia aandike jinsi ya kumtunza mgonjwa anakwambia mwite daktari. Daktari yupi, na alikuwa wapi? Nilikuwa nikisaga meno.

Ndipo nikatoa lile shauri langu. Kwa kuwa mvua ikinyesha hakuna anayesikia kitu, basi mvua ikinyesha shule nzima iandike. Si Kiswahili peke yake. Kama mvua imewakuta kwenye hesabu, waandike walivyoipata hesabu ile. Kama imewakuta kwenye afya au jiografia, waandike kitu cha somo hilo walichokiona kwa macho yao. Darasa la tatu hadi la saba, kila mtu, mpaka mabati yanyamaze.

Mkuu wa shule alifuta miwani. "Mwalimu, mtihani wa darasa la saba hauna insha," akasema. "Ni A, B, C ama D. Mtoto anachagua, anaweka alama, anaenda sekondari. Hii maneno yako ya kuandika itampeleka wapi?"

Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililoniuma. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuchagua majibu. Mtoto angeweza kufaulu na kwenda sekondari bila kuandika neno lolote zaidi ya jina lake. Mwalimu wa hesabu akaongeza kuwa hesabu haina hadithi. Lakini hakuna aliyekuwa na la kufanya wakati wa mvua zaidi ya chai, na mwishowe mkuu akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba mvua ikikatika tunarudi kwenye majibu.

Niliandika juu ya kila ubao mistari mitatu, na nikawakataza wenzangu kuifuta. Andika ulichokiona. Andika mwenyewe. Usiende Mombasa.

Ningependa kusema kwamba walichanua. Hawakuchanua. Darasa la tatu waliandika neno "mvua" mara ishirini wakachora ng'ombe. Darasa la tano walisubiri nipite ndipo wanakiliane. Paa lilikuwa linavuja pembe mbili, wino ukasambaa, madaftari yakavimba. Nilibeba nyumbani madaftari mia moja na zaidi kwa wiki, mengi yakinuka moshi, na ndani yake nikakuta gari la moshi limebadilishwa jina likaitwa basi, na Mombasa ikaitwa Kisumu. Mke wangu aliniuliza kama nalipwa kwa uzito. Kuna siku nilirusha daftari ukutani, halafu nikaona aibu, nikaenda kuliokota na kulikung'uta.

Kulikuwa na msichana mmoja darasa la saba. Alikaa nyuma kabisa, mahali paa lilipovuja, na mvua ikianza alilisogeza dawati lake kidogo bila kuambiwa, akaendelea. Hakuwa msemaji. Ukimwuliza swali alisimama, akatazama chini, akajibu sawa kwa sauti ya kusikika na mtu mmoja tu. Katika majibu ya kuchagua alikuwa miongoni mwa watatu bora, na mkuu wa shule alishamhesabu kuwa ni wa sekondari. Baba yake alikuwa mkulima wa chai mwenye shamba dogo upande wa pili wa bonde, Msabato, mtu mkimya kama bintiye.

Mchana mmoja mvua ilitukuta kwenye afya. Somo lilikuwa ngozi. Niliandika ubaoni: "Eleza ugonjwa wa ngozi uliouona kwa macho yako." Sheria ya shule ilikuwa afya ifundishwe kwa Kiingereza, lakini saa ya mvua niliwaachia watumie Kiswahili, maana mtoto anayetafuta neno la Kiingereza husahau alichokuwa anataka kusema. Yule msichana akaja mezani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ilibidi ainame hadi sikioni mwangu kwa ajili ya kelele za mabati.

"Mwalimu, visigino vikipasuka, ile mipasuko inaitwaje kwa Kiswahili?"

Nikamwambia ni magaga. Akarudi akilirudia neno midomoni ili lisimpotee.

Nimeihifadhi kichwani insha aliyoitunga siku ile, kwa sababu niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata. Aliandika hivi:

"Baba yangu huchuma chai bila viatu. Visigino vyake vina magaga, na gaga moja punje ya mahindi inaweza kusimama ndani yake. Jioni mama humwekea maji ya moto na chumvi kwenye karai. Akitia mguu wa kwanza humwita mama yake, ambaye alikufa kabla mimi sijazaliwa. Akitia mguu wa pili hunyamaza. Sisi hujifanya hatusikii, na mimi huendelea kumenya ndizi. Nafikiri dawa ya magaga ni viatu. Baba anavyo viatu lakini ni vya kanisani."

Nilitoka nje nikasimama kwenye matone. Mwaka mzima wa kugombana na watu, na hatimaye mtoto mmoja ameandika. Hakukuwa na twiga wala shangazi. Nilimpelekea mkuu wa shule, akasoma, akageuza karatasi, akauliza, "Sasa jibu liko wapi?" Siku ile hata yeye hakunikera.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya wazazi. Nilichagua insha ishirini kutoka madarasa yote, nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikazibandika kwenye ukuta wa darasa la saba. Jinsi ya kuzuia panya kula viazi, ya mtoto wa darasa la nne. Njia ya kwenda Masimba kwa miguu, na mahali pa kupumzika. Na katikati, usawa wa macho, nikaweka ile ya magaga. Niliipa nafasi ya heshima.

Hapa ndipo inanipasa kuwa mkweli, kwa sababu mgeni angesamehewa lakini mimi si mgeni. Nimezaliwa katika Kigusii. Nimelelewa ndani ya chinsoni, yaani zile heshima zinazokaa kati ya mzazi na mtoto, kati ya wakwe na wakwe, ambazo hakuna anayezitaja kwa sababu kila mtu anazijua. Mtoto akishavuka utoto haingii alipolala baba yake. Hazungumzii mwili wake. Akimwona katika udhaifu, hajaona. Binti yule alikuwa amelisema wazi mwenyewe: sisi hujifanya hatusikii. Nililisoma hilo mara kumi nikasifu jinsi lilivyoandikwa, na sikuona kilichokuwa kinasemwa. Ualimu ulikuwa umenipanda kichwani.

Wazazi walikuja wengi. Baba yake alikuja amevaa koti na vile viatu. Bahati mbaya alikuja pia mkwe wake, mzee ambaye mwanawe alikuwa amemwoa binti mkubwa wa nyumba ile. Mzee huyo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miwani, na alipenda watu wajue kwamba anasoma. Alisimama mbele ya ukuta, akaanza kuwasomea wasiojua kusoma, mstari kwa mstari, akitafsiri kwa Kigusii kwa sauti ya mahubiri. Alisoma ile ya panya, watu wakacheka. Alisoma ya njia ya Masimba, wakabishana kama kweli kuna kivuli mahali pale. Kisha akaisoma ya magaga, na kwa kuwa jina la mtoto lilikuwa juu na yeye alikuwa hajalitazama, alifika kwenye karai kabla hajatambua anamsoma nani.

Watu walicheka, si kwa ubaya. Karibu kila mwanamume aliyekuwa mle alikuwa na magaga kama yale. Lakini walicheka, na walipocheka macho yao yalishuka, wote kwa pamoja, kwenye viatu vya baba yake. Mzee wa kanisa aliishia katikati ya sentensi, akaikunja miwani yake, akatoka nje bila kumtazama mkwe wake. Baba alisimama kidogo pale pale. Halafu naye akatoka, kwa mlango wa upande mwingine, wala hakugusa chakula tulichokuwa tumewaandalia.

Jumatatu dawati la nyuma lilikuwa tupu. Jumanne pia.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Hakufuta miwani. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inakwenda ofisi ya elimu Nyamira Ijumaa, akasema, na mtoto ambaye hayupo darasani hana jina kwenye orodha. "Mtoto wa sekondari kabisa," akasema. "Sasa uko na insha ukutani, lakini kiti haina mtu." Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na hasira naye, na mzee wa kanisa, na mtihani, na wale waliocheka. Orodha ya niliowakasirikia ilikuwa ndefu na jina langu halikuwamo.

Jumatano nilivuka bonde. Mama yake alinipokea kwa heshima, akasema mume hayupo. Nilimwona msichana mwenyewe kwenye chai, na kapu mgongoni, akichuma kwa mikono miwili. Aliponiona aligeukia mstari mwingine. Nilirudi bure, viatu vimejaa matope, nikijiambia kwamba watu hawa wataniua.

Alhamisi nikarudi tena. Safari hii nilichukua ile karatasi. Niliibandua ukutani kwa kisu, ikaja na kipande cha udongo nyuma yake. Baba alikuwepo. Alinipa kigoda nje, chini ya ukingo wa paa, naye akaketi kwenye kigogo. Tulizungumza Kigusii, nayaandika hapa kwa Kiswahili, na najua yanapoteza kitu.

"Tata," nikasema, kama tunavyowaita wazee wa umri wa baba zetu, "nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto hana neno," akasema. "Mtoto ni mtoto. Ametumwa kuandika, ameandika. Wewe ndiye uliyeweka ukutani."

"Ni kweli."

"Mbele ya mkwe wangu."

"Ni kweli, Tata. Nimekosa."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Hakujua kusoma. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta njia kwenye shamba la mtu mwingine, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti. Halafu akanyamaza.

Laiti ningenyamaza naye. Mzee wa kwetu akinyamaza, huwa anayapanga mambo, na ukimpa nafasi atayaleta yakiwa yamepangika. Nilijua hilo pia. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, nikaiona orodha ikishuka Nyamira bila jina lake, nikaona ule unyamavu kuwa ni kukataa. Nikaanza kuujaza.

"Haitatokea tena," nikasema. "Naahidi mbele yako. Hataandika tena mambo ya namna ile. Wala sitamtaka aandike. Atafanya majibu ya mtihani tu, basi. Nakuapia, Tata, hutasikia tena neno la hapa nyumbani limeandikwa na mkono wake."

Hakuwa ameniomba hayo. Hakuwa ameomba kitu zaidi ya karatasi yake. Nilipoinua macho nikamwona msichana mlangoni mwa jikoni, ameshika kikombe cha uji aliotumwa kuniletea. Alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. Aliniwekea kikombe chini, karibu na mguu wangu, akarudi ndani.

"Kesho atakuja," baba akasema.

Niliteremka lile bonde nikiimba. Nilijiona mtu aliyeokoa jambo.

Ijumaa alikuja, jina likaandikwa, mkuu wa shule akanipa mkono. Wiki iliyofuata mvua ikaja kama kawaida, nami nikaandika kichwa cha insha: "Asubuhi ya Leo". Nilikusanya madaftari nikalitafuta lake kwanza. Alikuwa ameamka alfajiri na mapema. Alikuwa ameagana na wazazi wake kwa huzuni. Twiga walikuwepo.

Nilimwita baada ya vipindi. Nilikuwa mkali, kwa sababu nilikuwa nimeumia. "Wewe si wa kuandika hivi," nikamwambia. "Umesahau maneno yaliyo ubaoni?"

"Mwalimu, uliahidi," akasema, akitazama chini.

"Niliahidi mambo ya nyumbani tu. Andika mengine."

Alifikiri. Ninaamini alijaribu kweli kunisaidia. "Lakini mwalimu," akasema, "vyote ninavyoviona ni vya nyumbani."

Nilimwambia aende. Niliendelea kumjaribu kwa miezi iliyobaki: kijito, soko, mawingu, kuku wa shule. Kila mara aliniandikia ukurasa safi, wenye mwandiko mzuri, usio na mtu ndani. Na kwa kuwa haya ni maungamo, niseme lote: nilimkasirikia yeye. Nilimwona mkaidi. Niliwaambia wenzangu ofisini kwamba watoto wa Kigusii ukiwafungulia mlango wanakaa kizingitini. Ilinichukua muda mrefu, na hata leo sijui kama nimemaliza, kukubali kwamba mlango niliufunga mimi, bila kuombwa, kwa woga wa siku moja.

Alifaulu. Alikuwa wa kwanza shuleni kwetu, akapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana mbali na kwao, na mkuu wa shule akaja darasani kwangu na kunisifu mbele ya watoto. Mwaka uliofuata aliifuta saa ya mvua. Mvua ikianza, watoto walipewa karatasi za majibu ya kuchagua, wakaweka alama. Nilizichapa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Muhula wa pili wa mwaka huo, adhuhuri moja, baba yake akaja shuleni. Alikuwa ametoka kupimisha majani ya chai, kapu tupu mgongoni. Sikuwa nimeongea naye tangu siku ya kigoda. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za watu wa kwetu, akauliza ng'ombe wangu, halafu akatoa mfukoni barua tatu.

"Nataka unisomee," akasema. "Kuna kijana wa ndugu yangu hunisomea, lakini nadhani anaruka. Ananisomea salamu tu. Wewe ni mwalimu, hutaruka."

Tuliketi kwenye ngazi za darasa. Nikafungua ya kwanza. Alikuwa anamsalimu baba yake salamu nyingi zisizo na kifani. Yeye alikuwa mzima wa afya, hofu ilikuwa kwao tu. Aliwasalimu mama, wadogo zake, bibi na majirani. Masomo yalikuwa yanaendelea vizuri. Hakuwa na mengi. Nikasoma ya pili, ilikuwa ile ile. Ya tatu ilikuwa ile ile, ila alikuwa ameongeza kuwasalimu watu wa kanisa.

"Na wewe unaruka," akasema.

"Siruki, Tata."

Akachukua barua ya tatu, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Hapa anasema nini?"

"Hapo anawasalimu wadogo zake."

Akashusha kidole. "Na hapa?"

"Kwamba hana mengi."

"Hana mengi!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwalimu, mimi namjua mtoto huyo. Anaona kila kitu. Alikuwa akitoka sokoni tulikuwa tunaketi chini mimi na mama yake kumsikiliza. Nilitaka aniambie analala na nani, wanapewa nini, kama kuna mahali panavuja. Nimesomewa hizi nikadhani kaandikiwa na mtu. Nikadhani labda hayupo."

Nilisema, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, kwamba labda anakumbuka yale ya siku ya wazazi.

"Yale yalikuwa ya ukuta," akasema. "Mimi nilikataa ukuta. Barua ni ya mtu na baba yake. Nani wa kuicheka?" Alizipanga barua zake sawasawa juu ya goti, akazigonga ncha zilingane. Kisha akanitazama, na hakukuwa na lawama yoyote usoni mwake. Alikuwa anauliza kweli. "Ni nani aliyemkataza?"

Darasani nyuma yetu watoto walikuwa wanasoma majibu kwa pamoja. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Alikuwa mtu ambaye angenyamaza kidogo, akayapanga, akanisamehe, pengine siku ile ile. Tungeandika barua pale pale kwenye ngazi, mimi na yeye, na ingefika kwa binti kabla ya Sabato iliyofuata.

"Shule za bweni, Tata," nikasema. "Walimu wa huko huzisoma barua zote kabla hazijatumwa. Watoto wanaogopa."

Akatikisa kichwa polepole, akazirudisha barua mfukoni.

"Kumbe ni walimu," akasema, akanishukuru, akachukua kapu lake akaenda.